Usilipe kabla sijaja

Chang'ombe, Dodoma
Jumapili usiku

Mama Neema mwenzangu,

Mbukwenyi! Huku sote wazima, ila upepo na vumbi. Ujumbe wako nimeurudia mara tatu. Miaka sita umeihangaikia fremu ile ya Majengo, imeshapata wateja, ndipo mwenye nyumba anasema mkataba umeisha na anamweka mpwa wake! Imeniuma sana.

Nimemkumbuka Sam Walton, Mmarekani aliyeanzisha maduka ya Walmart. Wengi humtaja kwa utajiri. Mimi hunishika zaidi yaliyompata Newport, mji mdogo wa Arkansas. Alinunua duka pale mwaka 1945, kwa dola 5,000 zake na 20,000 alizokopeshwa na baba mkwe. Alilikuta likiuza dola 72,000 kwa mwaka, akalifikisha 250,000. Kodi ilikuwa asilimia 5 ya mauzo, kwa hiyo mwenye jengo alijua vizuri duka linavyokwenda. Miaka mitano ilipokwisha, mkataba haukuwa na kipengele cha kuongeza muda. Akanyimwa, duka likaenda kwa mtoto wa mwenye jengo. Si ndiyo yako hiyo hiyo?

Akahamia Bentonville na mkewe na watoto wanne, mji wa watu kama 3,000. Alipotaka kupanua duka mpaka kwenye duka la kinyozi wa jirani, safari hii ulipatikana mkataba wa miaka 99. Miaka 99, mama! Walmart ya kwanza aliifungua Rogers mwaka 1962, akiwa na miaka 44, na utendaji mkuu wa kampuni akauacha mwaka 1988.

Nguvu yake ilikuwa miji midogo ambayo wenye maduka makubwa waliipita tu. Ndiyo maana wazo lako la kufungua duka Kibaigwa nimelipenda kuliko la kung'ang'ania mjini, kodi zilivyopanda tangu serikali ihamie huku. Msimu wa mahindi pale malori yanapanga foleni, mkulima ana hela mkononi, na sabuni, sufuria na madaftari ya watoto anavihitaji siku hiyo hiyo.

Ila yule mwenye fremu ya Kibaigwa usimpe hata shilingi kwanza. Nitapanda basi Jumamosi asubuhi, tuusome mkataba pamoja: muda wake, kodi itapanda lini na kwa kiasi gani, na haki yako ya kuendelea. Akikataa kuandika hayo, tutatafuta fremu nyingine.

Msalimie Neema. Nitakuja na zabibu.

Wako,
Mama Baraka