Kitambi chako na kichwa chako

Swahiba Juma,

Salamu zako zimefika, na utani wako pia. Unasema kitambi ni shauri la magoti na mgongo, kichwa hakimo. Nimecheka, kisha nikawaza, maana hata mimi niliamini hivyo miaka mingi.

Mafuta hayakai mwilini kama gunia lililosahauliwa stoo. Mwaka 1994 Jeffrey Friedman na wenzake kule New York waligundua leptini, homoni inayotoka kwenye mafuta yenyewe na kuuarifu ubongo kuwa akiba ipo, punguza kula. Ungedhani mwenye mafuta mengi angeshiba upesi. Kumbe leptini ikizidi siku nenda siku rudi, ubongo unaizoea, kama aishiye karibu na mashine ya kusaga asivyosikia tena kelele zake. Ndiyo maana nakereka nikisikia mtu mnene anaambiwa "jizuie tu".

Mafuta mabaya zaidi ni yale ya ndani ya tumbo, yanayozunguka ini na utumbo. Hayo humwaga kwenye damu kemikali zinazochochea uvimbe, insulini, homoni inayodhibiti sukari ya damu, ikalemewa, shinikizo la damu likapanda, na vishipa vyembamba vya ubongo vikaumia kidogo kidogo bila maumivu yoyote. Na ubongo ni mlafi: ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nishati yake. Damu ikipungua, wa kwanza kulalamika ni huo.

Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya watu zaidi ya 6,500 waliopimwa tumbo wakiwa na miaka 40 hadi 45. Miongo mitatu baadaye, waliokuwa na matumbo makubwa kuliko wote walipatwa na demensia, maradhi ya kupoteza kumbukumbu na fahamu, karibu mara tatu ya wale wenye matumbo madogo kabisa. Hata wenye uzito wa kawaida, ilimradi tumbo lilikuwa kubwa, hawakusalimika. Haina maana kila mwenye kitambi atapotewa na kumbukumbu. Lakini wewe na mimi umri wetu ndio huo huo.

(Uzeeni mambo hugeuka. Mzee akikonda bila sababu, huenda ndiyo dalili ya kwanza ya demensia.)

Sasa nikwambie kilichonifanya nishike kalamu. Tulipolala chumba kimoja safari ile, ulikoroma, ukanyamaza kabisa, kisha ukagutuka ukitafuta pumzi. Nilihesabu mara nne kabla sijasinzia. Mafuta ya shingoni hubana koo, oksijeni hushuka, na ubongo haupati usingizi mzito unaouhitaji kuhifadhi ya mchana. Halafu unanilalamikia kwamba unasahau majina ya watu!

Kupunguza tumbo kutachukua miezi. Hili la pumzi lina vipimo vyake, na ipo mashine ya kusukuma hewa puani usiku. Mwone daktari kabla ya mwezi kuisha, umweleze hivyo nilivyoandika. Akitaka shahidi, nipigie.

Wako,
Hamisi