Risala ya Klabu ya Historia kwa Mgeni Rasmi: Tanzania na Msumbiji

Ndugu Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Shikamooni. Karibu Mtwara. Umelitumikia Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) miaka mingi, kwa hiyo mengine tutakayosema unayajua kutuzidi. Utuvumilie.

Ndugu Mgeni Rasmi, ushirika wa kijeshi wa nchi hizi mbili ulianza hata kabla Msumbiji haijawa dola. FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji kutoka kwa Wareno, iliundwa Dar es Salaam Juni 1962. Wapiganaji wake walifundishwa kambini Kongwa, na baadaye Nachingwea, wakavuka mto Ruvuma, na tarehe 25 Septemba 1964 risasi za kwanza zikalia mahali paitwapo Chai, katika jimbo la Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji. Gharama tuliilipa pamoja: Wareno walishambulia vijiji vyetu vya mpakani, na Februari 1969 kiongozi wa FRELIMO, Eduardo Mondlane, akauawa kwa bomu Dar es Salaam.

Fadhila hiyo ililipwa. Idi Amin alipovamia Kagera mwaka 1978, Rais Samora Machel wa Msumbiji alituletea askari wake, ilhali nchi yake ilikuwa na uhuru wa miaka mitatu tu na vita vyake mlangoni. Baadaye JWTZ likaenda Zambezia huko Msumbiji kupambana na waasi wa RENAMO. Askari wetu waliofia Msumbiji wamezikwa Naliendele, hapa hapa kwetu, na wengi wetu hatujawahi kufika makaburini hapo.

Sasa ya mbele. Oktoba 2017 magaidi walishambulia mji wa Mocímboa da Praia, Cabo Delgado. Oktoba 2020 wakavuka Ruvuma hadi Kitaya, kijiji cha mkoani kwetu. Vikosi vya SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, vyetu vikiwamo, viliingia Cabo Delgado 2021, na ujumbe huo wa SADC ukamalizika 2024. Mwaka 2022 serikali zetu zilitia saini makubaliano mapya ya ulinzi mjini Maputo. Tunayapongeza, ila tuna neno. Wa kwanza kumwona mtu asiyejulikana akivuka mpaka si askari. Ni mvuvi, au mama wa Kimakonde mwenye shangazi ng'ambo. Je, ana namba ya kupiga? Na akipiga, atasikilizwa au atageuzwa mtuhumiwa? Enzi za Nachingwea wanavijiji walibeba siri ya vita. Leo tunawaona wakiitwa mkutanoni mambo yakishaharibika.

Ndugu Mgeni Rasmi, tuna maombi mawili: usafiri wa kwenda Naliendele, na mwalimu wa Kireno, maana jirani tunayelindana naye tunamsalimia kwa Kimakonde tu, na si wote tunaokijua.

Tunaomba kuwasilisha.