Walimu wa michezo waandaliwe, wasikabidhiwe filimbi tu

Ndugu Mhariri,

Mtaala mpya una somo la Sanaa na Michezo katika shule za msingi, lakini wengi wanaolifundisha ni walimu wa Hisabati au Kiswahili waliokabidhiwa filimbi tu. Matokeo yake kipindi kinakuwa mpira mmoja: wavulana wanaukimbiza, wasichana wamekaa chini ya mwembe. Mwalimu simlaumu hata kidogo. Nani alimwonyesha namna ya kupasha watoto misuli moto, kumhudumia aliyeteguka, au kumshirikisha mwenye ulemavu?

Waliosomea michezo katika vyuo vya Butimba na Malya wapo. Halmashauri ziwatume kwenye kata wawafundishe wenzao uwanjani, kwa vitendo, wakitumia kamba, rede na mipira ya makaratasi. Naomba hilo lianze likizo ijayo.

Mzazi,
Kahama