Kabla ya kung'oa dirisha la maktaba, tuulizane lilikuwa na kazi gani

Ombi tunalolipokea mara nyingi katika karakana yetu hapa Dar es Salaam, kutoka kwa wasimamizi wa maktaba, shule na ofisi zilizojengwa kati ya miaka ya 1950 na 1970, ni la kung'oa madirisha ya luva, yaani yale ya vipande vya vioo vinavyoinamishwa kwa pamoja, na kuweka ya aluminiamu ya kusukuma kando. Sababu zao tunazielewa vizuri: vioo vimevunjika, vishikio vimeliwa na kutu, na mvua za masika zinafika hadi kwenye rafu. Hata hivyo, huwa tunaomba siku moja ya ukaguzi kabla ya kutaja bei, na makala hii inaeleza kwa nini.

Dirisha la luva likifunguliwa huachia hewa karibu nafasi yake yote, ilhali la kusukuma huachia nusu tu, kwa kuwa kioo kimoja hujificha nyuma ya kingine. Miaka kadhaa iliyopita tulikubali kufanya badiliko hilo katika chumba kimoja cha kusomea, kama mteja alivyotaka, na hadi leo tunajutia. Ilipofika saa nane mchana wasomaji walikuwa wakihamia barazani na vitabu vyao. Ukanunuliwa mtambo wa kupoza hewa. Mtambo ukashindwa kwa sababu ukuta wa juu ulikuwa wa matofali ya matundu. Matundu yakazibwa kwa lipu. Na kwa kuwa mtambo ulizimwa kila jioni, unyevu wa usiku ukakosa pa kutokea. Tulipoitwa tena tulivuta kabati moja kutoka ukutani na kukuta migongo ya vitabu ina ukungu wa kijivu unaofutika kwa kidole. Ukungu hushamiri pale unyevu wa hewa unapozidi takriban asilimia 65 kwa muda mrefu, na katika mji wa pwani kiwango hicho hufikiwa kwa urahisi sana.

Wasanifu wa kizazi kile hawakuweka vitu hivyo kwa ajili ya urembo peke yake. Hapa kwetu jua hupita karibu utosini, likielemea kaskazini mwezi Juni na kusini mwezi Desemba, na ndiyo maana utaona vikinga jua vya zege pande zote mbili za jengo lililofikiriwa vyema. Mfano tunaopenda kuwaeleza wateja unatoka mbali, katika maktaba ya Viipuri iliyosanifiwa na Alvar Aalto na kufunguliwa mwaka 1935, wakati mji huo ulipokuwa wa Ufini. Leo unaitwa Vyborg na uko Urusi. Juu ya ukumbi wake wa kusomea kuna matundu 57 ya mviringo yenye kina kirefu. Kwa kuwa jua la huko halipandi zaidi ya nyuzi 52 hivi, miale yake hugonga kuta za matundu na kutawanyika, hivyo msomaji hupata mwanga usiotia kivuli cha mkono kwenye ukurasa. Fundi ambaye angeyafupisha ili kurahisisha kazi ya paa angeliharibu chumba chote bila kugusa ukuta hata mmoja. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia jengo hilo lilikaa tupu takriban miaka kumi. Ukarabati wake mkubwa ulichukua karibu miongo miwili, ukakamilika mwaka 2013.

Tatizo kubwa zaidi, ambalo mteja mara nyingi halioni, liko ndani ya zege. Zege jipya hulinda nondo kwa sababu lina ualkali mwingi, lakini hewa ya ukaa huupunguza polepole mwaka hadi mwaka, na chumvi ya bahari huongeza madhara. Nondo ikishika kutu huvimba, na zege linalouzunguka uvimbe huo hupasuka na kubanduka. Sisi hugonga kwa nyundo ndogo na kusikiliza, kwani sehemu iliyoachana hulia kama debe tupu. Kisha tunavunja kipande na kukipulizia fenolftaleini, dawa inayoonyesha kama ualkali ungalipo. Palipo salama hugeuka rangi ya zambarau, na palipochoka hubaki bila rangi. Kupaka lipu na rangi juu ya nyufa kabla ya kipimo hiki ni kuficha ugonjwa, na rangi isiyopitisha mvuke hufungia unyevu ndani.

Wateja wetu wanapaswa pia kujua kwamba Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 huyatambua moja kwa moja majengo ya kabla ya mwaka 1863 pekee. Jengo la kizazi cha Maktaba Kuu ya Taifa, iliyofunguliwa na Mwalimu Nyerere mwezi Desemba 1967, halipati ulinzi kwa umri wake tu, na kwa hiyo uamuzi wa meneja wa jengo una uzito mkubwa.

Hatusemi kwamba jengo lisiguswe. Maktaba ya Martin Luther King Jr. mjini Washington, kazi ya msanifu Mies van der Rohe ya mwaka 1972, ilifunguliwa upya mwaka 2020 ikiwa na ngazi mpya na bustani ya paani, na bado inatambulika kuwa ni yake. Ngazi, vyoo, nyaya za umeme na njia za viti vya magurudumu vinaweza kuongezwa, mradi kila nyongeza ichorwe kwanza.

Katika siku ya ukaguzi tunapiga picha kila dirisha na kuliwekea namba, tunapima zege, na tunamwaga sampuli tatu za terazo, ile sakafu ya saruji inayosuguliwa, zenye chembe za mawe za ukubwa tofauti, ambazo mteja atazilinganisha na sakafu yake zikiwa zimekauka na kusuguliwa. Hadi siku hiyo tunaomba jambo moja: vioo na vishikio vilivyokwisha kutolewa visitupwe, bali vifungwe pamoja na kuandikwa vimetoka chumba gani, kwa sababu kishikio kimoja kizima kinatutosha kuwa kielelezo cha kuchongea vingine.