Lohri ya Kwanza ya Mjukuu Wangu

Mwanangu mpenzi,

Habari za huko Ludhiana, Punjab ya India, na baridi yake? Umeniuliza kama Lohri, sikukuu ya Wapunjabi ya kuwasha moto mkubwa tarehe 13 Januari, hufanyiwa mtoto wa kike. Hufanyiwa, tena nzima, bila kupunguza hata gogo moja la kuni. Zamani Lohri ya kwanza ilikuwa ya bi harusi mpya na ya mtoto wa kiume; siku hizi Lohri ya mabinti imeenea Punjab, na ni haki. Wimbo ambao watoto huzunguka nao nyumba kwa nyumba, wakiitikia "ho!" kila mwisho wa mstari, unamsifu Dulla Bhatti, Mwislamu aliyewaasi watawala wa Kimughal na kunyongwa Lahore mwaka 1599. Masimulizi yanasema aliwaokoa wasichana waliokuwa karibu kuuzwa, akawaoza kwa heshima. Sikukuu ya mtu kama huyo itamwachaje binti nje?

Lohri huitwa sikukuu ya mavuno, ila usidanganyike kwamba ngano ndiyo inayovunwa. Ngano hupandwa Oktoba na Novemba; Januari bado ni majani mabichi, huvunwa Aprili wakati wa sikukuu ya Vaisakhi. Kilichokomaa sasa ni miwa, ndiyo maana karibu kila cha kuliwa tarehe 13 kina sukari guru mpya.

Anza na wali wa juisi ya miwa, maana ndio unaochukua muda. Wapunjabi husema hupikwa Poh, mwezi wao unaoishia Lohri, huliwa Magh, mwezi unaofuata: unaupika jioni ya Lohri na kuula asubuhi, Magh inapoingia. Nunua lita 2 za juisi, na msimamie mkamuaji asitie ndimu wala tangawizi kama anavyowatilia wanywaji. Ichemshe mara tu ukifika nyumbani, kwa sababu ikikaa hugeuka rangi na kuchachuka. Tumia sufuria nzito ya chuma cha pua; chuma cha kawaida huifanya nyeusi. Povu la kijivu litapanda: liengue mpaka likome, la sivyo wali utakuwa na ladha ya nyasi. Ndipo utie gramu 200 za mchele uliolowekwa nusu saa. Utie juisi ikiwa bado nyepesi. Wengi huisubiri ikolee kwanza, na hapo sukari huyazuia maji yasiingie ndani ya punje, kiini kikabaki kigumu hata upike saa ngapi. Moto uwe mdogo, koroga mara kwa mara, usiongeze sukari wala maziwa. Epua ukiwa bado laini, kwani ukipoa hukaza.

Kashata za ufuta ni rahisi ila hazina subira. Kaanga gramu 250 za ufuta bila mafuta, moto wa wastani, mpaka uanze kurukaruka na kunukia; ukiwa kahawia umeshakuwa mchungu. Yeyusha gramu 250 za sukari guru kwa kijiko kimoja cha samli na maji kidogo. Dondosha tone kwenye maji baridi: likitawanyika bado, likivunjika kama kioo limepitiliza, likifinyangika tia ufuta na iliki, kisha viringa ungali moto, mikono ikiwa na maji. Karanga, bisi na gajak, vitamu vikavu vya ufuta na sukari guru, nunua tu dukani.

Moto huwashwa jua likishazama. Panga kuni kavu na vinyesi vya ng'ombe vilivyokaushwa, katikati uache nafasi ya hewa. Kuni mbichi zitawatoa machozi wote. Zungukeni mkitupia ufuta, karanga na bisi, mkiomba heshima ije na ufukara uondoke. Tupieni kidogo kidogo, maana ufuta hupasuka na kurusha cheche. Mtandio wa nailoni uuache ndani, vaa wa pamba au sufi na uufunge. Wewe na mtoto kaeni upande upepo unakotoka, mbali na moto, apokee nguo na baraka zake, kisha mrudishe ndani mapema. Mapafu ya mtoto mchanga hayawezi moshi, hata bibi zake wa huko wakisema ni wa baraka.

Asubuhi ya Maghi, siku ya kwanza ya Magh, pakua ule wali ukiwa wa baridi, juu yake mtindi usiotiwa sukari. Mimi nataka picha ya bakuli la binti yako, hata kama atakayelila ni wewe.

Mama yako