Faiawoli isifungwe kwenye anwani inayobadilika

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie makala ya ukurasa wa teknolojia wa gazeti lako iliyowafundisha wasomaji kuimarisha faiawoli (kinga inayochuja mawasiliano yanayoingia na kutoka) ya ruta ya nyumbani. Mengi yaliyoandikwa ni sahihi. Lakini hatua moja imenitia wasiwasi mkubwa: msomaji aliambiwa aangalie anwani ya IP (namba inayoitambulisha ruta yake kwenye intaneti) aliyopewa na mtoa huduma, kisha aiandike ndani ya kanuni za faiawoli. Tafadhali, waambieni wasifanye hivyo.

Kazi yangu ni kufunga na kutengeneza mitandao midogo, na hili ndilo kosa ninalolikuta kila mara. Anwani ile si mali ya mwenye nyumba. Watoa huduma wengi huikodisha kwa muda kupitia DHCP (utaratibu wa kugawa anwani), au hutoa nyingine ruta inapojiunga upya kwa PPPoE (njia ya ruta kuingia kwa mtoa huduma kwa jina na nywila). Umeme ukikatika na kurudi, huenda ukapata namba tofauti kabisa. Ubahili huu una sababu: IPv4, mfumo wa zamani wa anwani hizi, una anwani takriban bilioni 4.3 tu kwa dunia nzima, na mafungu ya mwisho ya hazina yake kuu yaligawiwa Februari 2011.

Sasa tuseme kanuni inasema: kataa kila pakiti (kifurushi cha data) inayokwenda 203.0.113.25 kwenye poti 22, mlango wa kuiingilia ruta kwa mbali. (Namba hizo zimetengwa kwa ajili ya mifano tu.) Usiku ruta inajiunga upya na kupewa 203.0.113.80. Ukiifungua kanuni unaiona ipo, imeandikwa vizuri, ila hakuna pakiti inayoigusa tena. Kama faiawoli imewekwa kuruhusu kila kisichotajwa, poti 22 imebaki wazi kwa yeyote, na hakuna taa wala ujumbe wa kukuonya. Nilipofungua kumbukumbu za ruta ya mteja mmoja aliyekuwa katika hali hiyo, nilikuta zimejaa majaribio ya kuingia kwa majina ya "root" na "admin", yakifuatana bila kupumzika. Mwenyewe alikuwa sebuleni anatazama filamu, na intaneti yake ilikuwa inakwenda vizuri tu.

Namba hiyohiyo huleta hitilafu ya pili, ambayo ina nafuu kwa sababu huonekana papo hapo. Aliyetumia SNAT (kanuni inayobandika anwani ya ruta kwenye pakiti zinazotoka) yenye anwani ya zamani atatuma pakiti, lakini majibu hayatamrudia. Intaneti inakufa na fundi anaitwa. Kwenye Linux dawa yake ni MASQUERADE, ambayo huchukua anwani iliyopo wakati huo.

Kanuni itaje kiolesura cha nje, yaani pale ruta inapotokea kwenda kwa mtoa huduma: chochote kinachoingia kupitia ppp0 (jina la kiolesura hicho kwa wanaotumia PPPoE) kikataliwe, isipokuwa majibu ya mawasiliano yaliyoanzishwa kutoka ndani. Hapo anwani ibadilike itakavyo. Wanaotumia nftables, programu ya faiawoli ya Linux, waandike iifname, inayotaja kiolesura kwa jina, wasiandike iif. Hiyo ya pili hushika namba ya ndani ya kiolesura wakati kanuni zinapopakiwa, na ppp0 ikivunjika na kuundwa upya huja na namba nyingine. Hata mafundi makini hunaswa hapo.

Wapo wanaoandika skripti (orodha ya amri zinazojiendesha zenyewe) ya kurekebisha kanuni kila anwani inapobadilika. Mimi sizipendi. Nyingi hufuta kila kitu kwanza, kisha huandika kanuni moja baada ya nyingine. Zikikwama katikati, ruta inabaki bila kinga hadi mtu agundue. Anayelazimika kutumia njia hiyo azipakie zote kwa mkupuo, kwa amri ya nft -f au iptables-restore.

Makala haikugusa IPv6, mfumo mpya wa anwani, kabisa, na huko kila kifaa kinaweza kuwa na anwani inayofikika kutoka nje. Kinachobadilika ni sehemu ya mbele, ile inayotolewa na mtoa huduma. Aliyefungua njia ya kwenda kwenye kamera kwa kuandika anwani nzima ataikuta njia imekufa. OpenWrt, programu huria ya kuendesha ruta, huruhusu kulinganisha biti 64 za mwisho (nusu ya pili ya anwani) peke yake, mradi kifaa chenyewe kimewekwa kisizibadilishe.

Sitaki kumtisha mtu bure. Ruta nyingi hutoka kiwandani zikiwa tayari zinafuata kiolesura, hivyo ambaye hakugusa kanuni hana haja ya kuhangaika. Ninaowahofia ni waliofuata maelekezo ya makala ile neno kwa neno. Hao wanastahili masahihisho, yachapwe ukurasa uleule, pamoja na namna ya kujipima: zima ruta, iwashe, hakikisha anwani imebadilika, kisha zima Wi-Fi ya simu na ujaribu kuifikia anwani mpya kwa data ya simu. Kujaribu ukiwa ndani hakufai, maana pakiti zako haziingilii upande wa nje.

Fundi wa mitandao na msomaji wenu