Hizo nywele unazotafuna

Mwanangu Nduku,

Natumai u mzima na mitihani inakwenda vizuri. Nakuandikia kwa sababu simu ya bweni ina masikio mengi.

Nilipokusuka kabla hujarudi shule, niliona hapo juu ya sikio la kushoto. Nywele fupifupi, nyingine zimekatwa ncha kwa meno, nyingine hazipo kabisa. Mimi ni msusi. Iliyoungua kwa dawa naijua, iliyong'olewa na matuta ya kukaza naijua. Hizo zako umezivuta mwenyewe. Nilinyamaza kwa kuwa wenzako walikuwepo.

Sikugombezi. Ila kutafuna ni jambo moja, kumeza ni jingine. Kuna muuguzi huja kusukwa kwangu hapa Kenyatta Market, nikamdadisi bila kukutaja. Anasema tumbo linasaga nyama na githeri, lakini nywele haliziwezi. Asidi yake haiziyeyushi. Tena zinateleza, kwa hiyo hazisukumwi chini na chakula. Hunasa kwenye mikunjo ya tumbo, zikashikana na ute na mabaki mpaka zikawa donge, kama zinavyoziba sinki yetu ya saluni. Donge huwa jeusi hata kwa Mzungu mwenye nywele za manjano! Likikua huchukua umbo la tumbo lenyewe, na mara chache mkia wake hushuka mpaka utumbo mwembamba. Ugonjwa huo wa mkia madaktari waliuandika mwaka 1968, wakaupa jina la Rapunzel, yule binti mwenye nywele ndefu wa ngano za Kijerumani.

Asikudanganye mtu unywe soda. Madonge ya nyuzi za matunda na mboga hospitali huweza kuyayeyusha kwa Coca-Cola. La nywele halisikii soda. Likishakuwa kubwa, mara nyingi ni kupasuliwa.

Sasa niambie kweli: unazimeza? Unashiba kwa vijiko viwili? Unatapika, sketi inakulegea? Kama ndiyo, mwone matroni leo hii, usingoje likizo, nami nitakuja ukapigwe picha ya tumbo hospitali. Nitaomba wakupime na damu, maana ikipungua mtu hutamani visivyoliwa, kama wale wanaotafuna odowa, yale mawe laini.

Na kama humezi, bado tuna la kuongea. Mkono haupandi kichwani bure. Kuna kinachokusumbua, iwe ni hesabu au wenzako.

Siku ya wazazi nitakuja na chapati na kitana, nikubane matuta yote nyuma yasifike mdomoni. Baba yako sijamwambia. Ukitaka ajue, utamwambia mwenyewe.

Mama yako